Mwanasesere wa chai

Mwanasesere wa chai, kwa Kijapani chahakobi ningyō, ni mashine ya mbao inayojiendesha iliyobuniwa Japani katika enzi ya Edo (1603–1868). Chini ya kimono mna fremu ya mbao iliyobeba magurudumu, ekseli na mfululizo wa gia. Nguvu hutoka kwenye springi iliyokatwa katika mabamba yanayonyumbulika ya kinywani mwa nyangumi, na kidhibiti mwendo kama cha saa huizuia isifunguke kwa kasi. Kikombe kikiwekwa kwenye sinia, uzito wake huachia breki, naye husonga hadi kwa mgeni. Kikiondolewa husimama, kikirudishwa hugeuka na kurudi.

Ustadi mkubwa kuliko wote umo kwenye gia. Jino lililopitiwa na nyuzi za mbao kwa upana humeguka upesi, kwa hiyo fundi huunga vipande kadhaa ili nyuzi zielekee kutoka kitovuni hadi ukingoni. 

Fundi Hosokawa Hanzō alieleza muundo wa mwanasesere huyu kwa michoro katika kitabu Karakuri Zui cha mwaka 1796, ambacho kimewawezesha mafundi wa baadaye kuunda nakala zinazotembea.