Malale: Sindano, Kambi na Waliotoroka

Mapema mwaka 1901, madaktari Albert na Jack Cook, mtu na mdogo wake, walianza kupokea katika hospitali ya misheni ya Mengo, Uganda, wagonjwa wa aina ambayo hawakuwa wameizoea. Mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Hukonda, hubadilika tabia hadi wa nyumbani kwake wakamshangaa, na mwisho hulala usingizi asioamka. Baganda waliuita ugonjwa huo mongota. Waswahili huuita malale. Ndani ya miaka michache, makadirio ya wakati ule yalikwisha kuvuka vifo 200,000, wengi wakiwa watu wa Busoga, wa ufukwe wa Buganda na wa visiwa vya Ssese.

Serikali ya Kiingereza haikukaa kimya. Mwaka 1902 tume ya wanasayansi kutoka London ilifika Entebbe. Mmoja wao, Mwitaliano Aldo Castellani, aliwatuhumu bakteria kwanza, kisha akaona kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa kijidudu chembamba kinachojipindapinda. Mwaka uliofuata akaja David Bruce, ambaye huko Zululand alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mbung'o hueneza nagana, ugonjwa wa kijidudu cha jamii hiyo hiyo, kwa ng'ombe. Je, mbung'o ndiye mwenye kosa na huku? Bruce alimwendea Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Apolo Kagwa, na Kagwa akapeleka agizo kwa machifu: wakamateni nzi wa kwenu, andikeni walikokamatwa, semeni kama malale yapo. Nzi wakamiminika Entebbe. Ramani ya nzi ilipolinganishwa na ramani ya wagonjwa, zilifuatana. Alama zote zilijipanga kando ya ziwa na mito, na bara hapakuwa na kitu.

Vitabu humsifu Bruce. Ila ugunduzi ule ulikuwa pia kazi ya mamia ya watu wasiotajwa majina, waliotembea vichakani wakikamata nzi kwa sababu walielezwa nzi hao ni wa nini. Katika kisa chote cha malale, hapo ndipo serikali na raia walipokaribiana zaidi.

Walianza kuachana ilipofika zamu ya tiba.

Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa ametoka kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alipiga kambi Ssese kuanzia 1906 hadi 1907. Alikuja na atoxyl, dawa ya sindano iliyotengenezwa kwa aseniki. Mwanzoni watu hawakulazimishwa. Walikuja kwa mitumbwi, wengine wakibebwa na ndugu zao, kwa kuwa habari ilikwisha kuzagaa kwamba kuna mzungu ambaye sindano zake zinainua waliolala. Na kweli, baada ya wiki chache wengi walisimama na kutembea. Kumbe kijidudu kilikuwa kimejificha tu. Baada ya miezi, ugonjwa ulirudi. Koch akaongeza dozi. Yakaja maumivu ya tumbo, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka na hawakuona tena. Baadhi ya wagonjwa waliondoka kambini bila kuaga. Koch mwenyewe alirudi nyumbani na heshima zake zote, akiwa pia na pendekezo la kuangamiza mamba wa ziwani, kwa kuwa aliwaona mbung'o wakinyonya damu yao.

Koch alipendekeza jambo jingine lililodumu kuliko hadithi ya mamba: wagonjwa watengwe kwenye kambi maalumu. Katika koloni la Wajerumani, kusini mwa Uganda, ilifunguliwa kambi ya Kigarama, katika ufalme wa Kiziba kaskazini ya Bukoba, mahali ambapo vijana walikuwa wakienda Uganda kutafuta kazi na kurudi na ugonjwa. Upande wa Waingereza zilifunguliwa kambi Buganda na Busoga.

Ili kuelewa hofu ya watu, inafaa kutazama mtu alivyopatikana. Dalili ya mapema ya malale ni kuvimba tezi za shingo. Kwa hiyo Wajerumani walifundisha vijana wenyeji kazi ya kupapasa shingo, wakawatuma vijijini. Mkulima anatoka shambani, hana homa, anakula na kucheka, kisha kijana anamgusa nyuma ya shingo na kusema: wewe ni mgonjwa. Anapelekwa kwa daktari, tezi inachomwa sindano, majimaji yanavutwa na kuwekwa kwenye kioo chini ya hadubini. Anachokiona daktari, yeye hakioni. Anachokiona yeye ni kambi ambayo jirani zake waliingia wakitembea na hawakurudi.

Ripoti za madaktari zimejaa malalamiko kuhusu watoro, na aghalabu lawama ziliangukia ujinga na ushirikina. Hoja hiyo ni dhaifu. Watu wale wale walijaa kambini dawa ilipoonekana kufanya kazi, na wakapungua matokeo yalipokuwa mabaya. Walikuwa wakihesabu waliopona na waliokufa, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili anapochagua hospitali.

Hesketh Bell, aliyeshika uongozi wa Uganda mwaka 1906, alifikia uamuzi mkubwa zaidi. Kama nzi hawawezi kuondolewa ziwani, basi waondolewe watu. Amri ilipitia kwa machifu: wakazi wa ufukwe wasogee bara, umbali wa maili mbili hivi kutoka majini. Kufikia 1909 hata Ssese ilihamishwa. Kwa upande wa kitaalamu tu, Bell alikuwa na hoja, kwani mbung'o asiye na mtu wa kumuuma hawezi kumwambukiza. Lakini Wassese walikuwa wavuvi na mafundi wa mitumbwi, na kwenye kisiwa cha Bubembe palikuwa na hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, aliyeheshimiwa na makabaka, wafalme wa Buganda. Walipelekwa bara kuishi kama wakulima, na nyuma yao migomba ikamezwa na msitu. Waliruhusiwa kuanza kurudi mnamo 1920, na kwa wengi haikuwa kurudi tena, maana walikwisha kufa au kuzoea kwingine.

Uganda haikuwa peke yake. Huko Bafia, Kamerun ya Wafaransa, kosa la dozi ya tryparsamide, dawa nyingine ya aseniki, liliwapofusha watu wapatao 700, na kashfa ikalipuka mwaka 1930. Novemba 1954, katika eneo la Yokadouma nchini humo humo, sindano za Lomidine zilizochafuliwa ziliua watu 28. Sindano hizo walichomwa watu wenye afya njema, kama kinga, kwa kampeni za kulazimisha zilizokwenda kijiji kwa kijiji.

Je, kumbukumbu za namna hiyo hufutika? Wachumi Sara Lowes na Eduardo Montero walichunguza maeneo ya Kamerun na ya iliyokuwa Afrika ya Ikweta ya Kifaransa yaliyotembelewa na timu za malale kati ya 1921 na 1956. Mwaka 2021 walichapisha matokeo yao: kule ambako timu zilipita mara nyingi zaidi, watoto wa leo wamechanjwa kwa kiwango cha chini, na watu hukataa zaidi kupimwa damu hata kipimo kikiwa cha bure. Anayewakemea wakazi hao kwa ukaidi angefanya vema aanze kwa kuuliza babu zao walichomwa nini.

Tiba nayo ilichelewa mno kubadilika. Hadi karne hii, mgonjwa wa malale aliyefika hatua ya mwisho alikuwa akipewa melarsoprol, dawa ya aseniki vile vile, inayochoma mshipa kama moto na kuua takriban wagonjwa watano katika kila mia waliotibiwa nayo. Daktari Victor Kande wa Kongo ni miongoni mwa walioitumia kwa miaka mingi wakiichukia. Ndiye aliyeongoza majaribio ya fexinidazole, vidonge vinavyomezwa kwa siku 10 pamoja na chakula. Vilipata kibali mwishoni mwa 2018, na mwaka huo huo wagonjwa wapya waliosajiliwa duniani walishuka chini ya 1,000.

Kwa malale ya upande wa mashariki mwa Afrika, ambayo huua upesi zaidi, vidonge hivyo vilijaribiwa Rumphi nchini Malawi na Lwala nchini Uganda, na vikakubaliwa Desemba 2023. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Nchi nyingine za ukanda huu bado zinawatafuta wagonjwa wa mwisho, na kila mmoja wao lazima akubali kwanza kuchomwa kidole.