Wikendi ya New Orleans? Anza Kupanga na Jumapili

Wiki iliyopita binamu yangu anayeishi Houston alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Yeye na mabeshte wake watatu wanataka kuteremka New Orleans wikendi moja, kama kilomita 560 kwa gari. Na kwa sababu kwa familia yetu mimi ndiye yule mtu wa kusoma vitu hakuna mtu amemtuma kusoma, kazi ya kupanga ikaniangukia. Maagizo yalikuwa mafupi: chakula, muziki, picha. Halafu akamalizia, "Na usituletee historia, tafadhali."

Sawa. Nilijaribu, naapa. Nikaandika Ijumaa Bourbon Street, Jumamosi Bourbon Street tena, Jumapili kulala na kichwa kikiuma halafu barabara ya kurudi. Kisha nikaanza kuangalia kila chakula kwenye orodha kilitoka wapi. Manze, karibu kila kimoja kilinirudisha kwa siku moja: Jumapili. Yaani ile siku walikuwa wamepanga kuipoteza kitandani ndiyo siku iliyoutengeneza huo mji.

Wacha nieleze.

New Orleans ilianzishwa na Wafaransa mwaka wa 1718, kando ya mto Mississippi. Mwaka uliofuata tu, 1719, meli za kwanza za watumwa kutoka Afrika zikafika Louisiana. Mnamo 1724 ikaletwa sheria ya kuwatawala watumwa, inaitwa Code Noir. Usidanganywe, ilikuwa sheria katili. Mtu akitoroka angeweza kukatwa masikio na kuchomwa alama begani. Lakini ndani yake kulikuwa na kifungu kimoja kidogo: hakuna kazi siku ya Jumapili na sikukuu za Kikatoliki. Haikuwa huruma, ilikuwa mambo ya kanisa. Ila watu waliokuwa hawamiliki chochote, hata miili yao wenyewe, walijikuta na siku moja kwa saba.

Walifanya nini nayo? Walifanya biashara. Mabwana wengi walikuwa wachoyo hata kwa chakula, wakawaachia watumwa wajilimie na wajitafutie. Kwa hivyo Jumapili watu walibeba mboga, samaki, kuku, mayai, wakauza. Nyuma ya mji kulikuwa na kiwanja kikubwa ambacho kikageuka soko. Na soko likichangamka unajua kinachofuata: ngoma zikatoka, watu wakaunda duara, wakacheza.

Kiwanja hicho leo kinaitwa Congo Square.

Kufika 1803 Marekani ikawa imenunua Louisiana yote kutoka kwa Wafaransa kwa dola milioni 15. Mnamo 1817 serikali ya mji ikatoa amri: watumwa wakitaka kukusanyika wacheze, ni Jumapili tu, mahali ambapo meya amepanga, na jua likizama kila mtu arudi kwake. Ukisoma hiyo amri unaskia harufu ya kanjo kabisa. Lakini linganisha na kwingine. Huko South Carolina ngoma zilipigwa marufuku mwaka wa 1740, baada ya uasi wa Stono. New Orleans ngoma ziliendelea kupigwa hadharani, kila Jumapili, kwa miaka mingi. Halafu watu wanashangaa mbona jazi ilizaliwa huko.

Sasa tukuje kwa chakula, maana najua ndiyo umengoja.

Kuna kitu kinaitwa calas. Unachukua wali uliopikwa ukalainika, unauponda, unatia mayai, unga kidogo na sukari, unaumua, kisha unakaanga kwa mafuta. Mtu wa Mombasa ameshatabasamu: hiki ni ndugu wa kitumbua. Si mtoto wa Pwani yetu, wanaofuatilia asili yake wanaipeleka Afrika Magharibi, lakini ukikiweka mbele ya nyanya yangu hatauliza maswali. Waliouza calas walikuwa wanawake Weusi, wengine watumwa, kikapu kichwani, wakitangaza barabarani kwamba ni za moto.

Hapa ndipo hadithi inakuwa nzito. Kabla ya Wamarekani, kuanzia miaka ya 1760 hadi 1803, mji ulikuwa chini ya Wahispania, na sheria yao ilikuwa na mlango ambao sheria ya Wafaransa haikuwa nao. Mtumwa alikuwa na haki ya kudai bei yake itajwe. Akiilipa, anakuwa huru, bwana apende asipende. Wacha hiyo iingie vizuri. Mama anaamka alfajiri, anakaanga, anatembea mji mzima, sehemu kubwa ya mauzo inaenda kwa mtu anayesema anammiliki, na zile senti zinazobaki anazificha mpaka zifike bei ya mwili wake. Wengine wakimaliza wanaanza tena, safari hii kwa mtoto. Wanawake ndio waliokuwa wengi kati ya waliopata uhuru enzi hizo.

Anakumbukwa mmoja kwa jina, Rose Nicaud. Alikuwa mtumwa aliyeuza kahawa karibu na kanisa kuu, watu wakitoka ibada ya Jumapili. Alijinunua. Kwa hivyo wakati mwingine ukimpita mama wa mandazi pale steji ukidhani ni biashara ndogo, fikiria tena.

Halafu gumbo, ule mchuzi maarufu kuliko vyote. Jina lenyewe linatoka kwa neno la bamia katika lugha za Kibantu za Angola, ki ngombo. Umeiskia hiyo ki- hapo mbele? Ni jamaa wa ki- yako ya kiti na kikombe. Wafaransa walileta mtindo wa kukaanga unga kwa mafuta kufanya mchuzi uwe mzito. Wachoctaw, wenyeji wa eneo hilo, walileta majani ya sasafrasi yaliyosagwa. Bakuli moja, mabara matatu. Ila waliosimama jikoni kwa moto walikuwa Waafrika, na jina lililobaki ni lao.

Baada ya haya yote nikafuta ile plani ya kwanza. Hii ndiyo nimemtumia binamu.

Ijumaa jioni, muanzie Tremé, mtaa wa zamani wa watu Weusi, mkale Dooky Chase's pale Orleans Avenue. Wekeni nafasi mapema na muangalie saa zao. Mkahawa huo ulianza miaka ya 1940, na jiko lilisimamiwa kwa miongo mingi na Leah Chase, aliyefariki 2019 akiwa na miaka 96. Enzi za ubaguzi, wakati Weusi na Weupe kula meza moja ilikuwa kuvunja sheria, wapigania haki walikutana chumba cha juu wakapanga mikakati wakila gumbo yake. Agizeni gumbo.

Jumamosi asubuhi, French Market. Café du Monde imekuwa hapo tangu 1862. Utaletewa beignet tatu, mandazi ya mraba yaliyozikwa kwenye sukari ya unga. Usivae nguo nyeusi. Kahawa yao imechanganywa na mzizi wa chikori uliokaangwa, zoea la tangu enzi kahawa ilipokuwa adimu. Mchana, kula po' boy: mkate mrefu, ndani uduvi au nyama. Mwaka wa 1929 wafanyakazi wa tramu waligoma, na ndugu wawili, Bennie na Clovis Martin, ambao waliwahi kufanya kazi kwenye tramu, wakawalisha wagomaji mikate bure. Jina lina maana ya kijana maskini, na linatokana na mgomo huo. Jioni mwende Frenchmen Street, si Bourbon. Muziki ndio huo.

Jumapili, hakuna kulala. Mwende Congo Square, iko ndani ya bustani ya Louis Armstrong. Alasiri bado kuna watu hupiga ngoma pale. Kisha mtafute second line, gwaride la Jumapili linalopita mitaani na bendi ya tarumbeta, isipokuwa wakati wa joto kali la kiangazi. Wanaoliandaa ni vyama. Na ninaposema vyama namaanisha chama kama cha mama yako: watu walichanga pesa kulipia daktari na mazishi ya mwenzao, kwa sababu hakuna kampuni ya bima ingewahudumia. Sherehe ni tawi, mti wenyewe ni kusaidiana.

Na hiyo Jumapili haijawahi kuachwa kwa amani. Miaka ya 1960 miti mikubwa ya Claiborne Avenue, mahali familia za Tremé zilikuwa zikikutana, ilikatwa ili barabara kuu ipite juu. Watu bado hukusanyika, sasa chini ya nguzo za saruji. Agosti 2005 Katrina ikaja na asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Watu waliporudi na kutaka kuandamana, ada ya polisi ya gwaride ikapandishwa vibaya. Vyama vikaenda mahakamani, na 2007 ikapunguzwa. Fikiria, hujamaliza kutoa matope nyumbani lakini unapata nguvu ya kwenda kortini kutetea siku ya kucheza.

Ndiyo maana naona kwenda New Orleans na kulala Jumapili ni kama kualikwa kwa watu, ule chakula chote, uondoke bila kumsalimia mpishi. Kwenye gwaride msisimame pembeni na simu juu. Chezeni. Na wale wanaouza chakula kando ya njia, nunueni kwao. Hiyo ni biashara ile ile ya miaka 300.

Jumatatu, kabla ya kurudi, kuleni maharagwe mekundu na wali. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, kwa hivyo sufuria iliwekwa polepole motoni huku mama akipambana na nguo. Louis Armstrong, mtoto wa mji huo, alizoea kumalizia barua zake kwa kutaja maharagwe na wali.

Binamu alisikiliza kila kitu, akanyamaza siku mzima, kisha akajibu neno moja: "Jumatatu?"

Nilielewa. Anafanya kazi ghala la mizigo, na siku ya ziada si kitu cha kuokota. Mabeshte wangu wengi hapa Nairobi wako kwa bodaboda siku saba kwa wiki na hakuna mtu amewalazimisha kwa sheria, ni kodi ya nyumba tu. Nikisoma vile wale watu waliishika siku yao moja kwa mikono miwili, nabaki nikijiuliza sisi yetu tuliiachilia lini.

Jana amenitumia ujumbe mwingine. Ameomba ruhusa ya Jumatatu kazini. Bado hajajibiwa.