Umewahi Mvua: Wapagazi wa Unyamwezi na Njia ya Kurudi Kwao

Somo letu la leo ni somo la historia, lakini nitalianzia penye sahani ya ugali. Sikilizeni kwanza, na wale wenye karatasi hii mkononi wafuate mstari kwa kidole. Neno gumu likija tutalisimamia.

Mwezi wa kumi uliopita nilipata ruhusa ya siku sita, nikaenda kwetu Lusu, karibu na mji wa Nzega, upande wa kaskazini ya Tabora. Nilikuwa sijakanyaga nyumbani kwa miaka mitatu. Mimi ni afisa wa elimu. Kila wiki nawahimiza watu wa wilaya nyingine wawaandikie barua wazee wao, na mzee wangu mwenyewe nilikuwa namtosheleza kwa simu ya dakika mbili. Basi nilinunua sukari kilo tano, majani ya chai, na kitenge cha shangazi, nikapanda basi.

Nilifika jua likielekea kutua. Babu alikuwa ameketi uani, miguu ameinyoosha. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu." Hakuniuliza habari za kazi, wala za mshahara. Alitazama mbinguni, akasema, "Umewahi mvua." Kisha akaagiza maji ya kunawa.

Nilidhani azungumza habari za hali ya hewa.

Tulikula uani, wanaume na vijana kwenye sinia moja: ugali wa mtama, ambao sisi twauita bugali, na mlenda, na kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu. Shangazi na akina mama walikaa upande wao karibu na jiko, na mazungumzo yalivuka uani kutoka huku kwenda huko. Kabla hatujaanza, babu alimega tonge moja, akaliweka ukingoni mwa sinia. Hakuna aliyeligusa. Tulipomaliza alimwita mtoto mdogo kuliko wote, akampa lile tonge na kipande cha nyama. Ndivyo nilivyoona tangu nilipokuwa mtoto, na nilikuwa nadhani kila nyumba hufanya hivyo. Nilipokwenda kusoma mbali nikagundua kuwa sivyo. Wala si mila ya Wanyamwezi wote. Ni desturi ya ua wetu tu. Usiku ule, kwa mara ya kwanza katika umri wangu wa miaka thelathini na zaidi, nikamwuliza babu maana yake.

Ili mwelewe jibu lake, hatuna budi kurudi nyuma miaka zaidi ya 150.

Wengi wenu mmesikia habari za njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, na kutoka hapo ikaendelea mpaka Ujiji penye ziwa la Tanganyika. Tawi jingine lilikwenda kaskazini, kuelekea ziwa la Nyanza. Mwingereza Speke alilifuata tawi hilo mwaka 1858. Aliondoka Tabora mwezi wa Julai, akapita katika nchi yetu, na mwanzoni mwa Agosti alikuwa Mwanza. Vitabu vingi husimulia njia hii kama kwamba ilikuwa njia ya kwenda tu: Wazungu walikwenda kutafuta maziwa, Waarabu walikwenda kutafuta pembe za ndovu. Lakini waliobeba mizigo walikuwa nani? Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Na kwa Mnyamwezi safari ilikuwa na ncha mbili, kwenda na kurudi.

Andikeni neno MPAGAZI. Mpagazi ni mtu achukuaye mzigo kwa ujira. Msimchanganye na mtumwa. Ni kweli kwamba biashara ya watumwa ilipita katika njia ile ile, na katika misafara mingine mtumwa alitembea nyuma ya mpagazi huku amefungwa. Jambo hilo tusilifiche. Lakini mpagazi alipatana ujira wake, na asipolipwa sawasawa aliweza kuutua mzigo na kwenda zake. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, karibu kilo 32. Ongezeni juu yake chungu chake, mkeka wake, na silaha yake. Wengi waliandamana na wake zao, na wanawake hao walipika, na wengine walibeba mizigo pia. Mambo hayo ya wanawake vitabu vimeyapita haraka mno, kwa maoni yangu.

Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Stanley alikwenda upesi zaidi mwaka 1871. Alitumia siku 84 kutoka Bagamoyo.

Sasa, mtu wa namna hiyo alikula nini? Andikeni neno la pili: POSHO. Leo mtu akisema posho hufikiri fedha ya mkutano. Zamani zile posho ilikuwa chakula cha siku, na kipimo chake kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa mtu mmoja, karibu robo tatu ya kilo. Mara nyingine wenye msafara walitoa nguo au ushanga badala ya nafaka, na wapagazi wakajinunulia wenyewe vijijini. Nguo iliyopendwa sana iliitwa merikani, kwa sababu asili yake ilitoka viwanda vya Marekani. Fikirini: pamba ilifumwa ng'ambo ya bahari, ikavuka maji mpaka Unguja, ikabebwa kichwani mpaka Ugogo, na huko ikabadilishwa kwa mtama wa kujaza chungu cha watu wachache kwa jioni moja. Walikula kwa makundi, kila kundi na chungu chake. Na njaa ilikuwapo. Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori lililoitwa Mgunda Mkali. Maji haba, vijiji vichache. Aliyelivuka alitokea Tura, kijiji cha kwanza cha Unyamwezi kwa mtu atokaye pwani. Hata leo ukipanda treni kutoka Itigi kwenda Tabora utapita Tura. Wapagazi walipofika hapo walijua wamekaribia chungu cha nyumbani.

Hapa sasa ndipo nitakapokaa kidogo, maana ndiyo habari yenyewe.

Mnyamwezi hakusafiri wakati wowote apendao mwenye mali. Alisafiri kwa saa ya jembe. Nafaka ikishavunwa na kuwekwa ghalani, kiangazi kikianza, ndipo vijana walipojipanga kwenda pwani. Mvua zikikaribia, kama mwezi wa Novemba, kila mtu alitaka awe kwao apate kulima. Burton alilalamika sana juu ya jambo hilo. Kwake ulikuwa ukaidi. Mwenye shamba hawezi kuuita ukaidi. Asiyelima mwezi wa Novemba atakula nini mwezi wa Juni? Na mkewe na watoto je?

Kwa hiyo Tabora palikuwa mahali pa kuvunjia msafara. Mfanyi biashara aliyetaka kuendelea Ujiji ilimbidi akae, aandike wapagazi wapya, kwa maana wale wa kwanza walikuwa wamefika kwao au karibu na kwao. Siku ya kuingia mjini walivaa nguo zao nzuri walizozitunza njia nzima. Pembe zikapulizwa, bunduki zikapigwa hewani. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwamba ilikuwa majivuno ya kuingia mjini. Mimi nasema walikuwa wakiwaarifu mama zao waweke maji motoni.

Na alipofika kijijini mpagazi alikula wapi? Burton ameeleza habari za nyumba iliyoitwa iwanza, nyumba ya wanaume, ambayo ilikuwamo katika kila kijiji alichokiona Unyamwezi. Mle wanaume walikula pamoja, wakavuta tumbako, wakazungumza, na mgeni akakaribishwa. Wanawake walikuwa na nyumba yao upande mwingine. Aliyerudi kutoka pwani alikaa mle jioni nyingi akisimulia habari za bahari na za Ugogo, na vijana waliomsikiliza walingoja mwaka wao. Nguo alizoleta hazikukaa sandukuni. Zilitoka kwa mahari, kwa wazee, kwa ndugu. Ujira wa miezi mingi uligawanywa penye chakula.

Njia ilipofungwa, watu hawa ndio walioumia. Mwaka 1871 vita vilitokea baina ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo wa Urambo. Stanley, aliyekuwa Kwihara wakati huo, alisimulia jinsi alivyocheleweshwa asimfikie Livingstone. Sisi twafikiri pia juu ya wale waliokuwa pwani na mizigo yao, na msimu wa kulima ukikaribia, wasijue kama watapita salama.

Baadaye mambo yalibadilika upesi. Wadachi waliitwaa nchi. Mtemi Isike wa Unyanyembe akafa akipigana nao Januari 1893. Kodi ya nyumba ikaja, ikabidi fedha itafutwe, ukitaka usitake. Reli kutoka Dar es Salaam ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Gari la moshi halina shamba, halingoji mvua. Kazi ya kubeba mizigo kwenda pwani ikaisha.

Lakini kichwa cha mtu hakikupumzika. Mwaka 1914 vita vikuu vya Wazungu vilianza, na vikapiganwa katika nchi yetu. Bunduki, risasi na unga havikuweza kufika porini kwa reli. Pande zote, Waingereza, Wadachi na Wabelgiji, zilikamata watu wa kubeba. Wale wa Waingereza waliitwa karia, na jina lao limebaki Dar es Salaam mpaka leo: Kariakoo. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Mpagazi wa zamani alichagua msimu wake na alipatana ujira. Mbebaji wa vita alichukuliwa siku yoyote, hata jembe likiwa mkononi. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi wao si kwa risasi. Waliuawa na kuhara, na homa, na chakula. Walipewa unga wasiouzoea, bila wakati wa kuupika vizuri wala kuni kavu, wakala ukiwa nusu mbichi, matumbo yakaharibika. Mtu aliyezoea ndizi alipewa mahindi. Posho ilikuwapo katika hesabu ya maofisa, ila watu walikufa nayo tumboni.

Sasa rudini nami uani kwa babu, kule Lusu.

Babu alinieleza hivi. Babu yake alikuwa mpagazi katika siku za mwisho za njia. Alikwenda pwani, akarudi, na kila alipoingia uani mama yake alimwambia neno moja tu, "Umewahi mvua." Halikuwa neno la hali ya hewa. Maana yake ni: umerudi hai, na shamba litalimwa, na tutakula. Babu yake huyo alikuwa na mdogo wake. Mwaka 1916 mdogo huyo alichukuliwa kubeba mizigo ya vita. Alichukuliwa jioni, chakula kikiwa tayari. Mama yao akamwekea tonge ukingoni, akisema atarudi muda si mrefu. Mvua zikanyesha. Mvua za mwaka wa pili zikanyesha. Mama akaendelea kulitenga tonge, na halikutupwa, maana chakula hakitupwi. Alipewa mtoto mdogo. Mama akafa, wanawe wakaendelea. Hakuna barua iliyofika, wala jina lake halikuandikwa mahali popote tunapopajua.

Nikamwuliza babu, "Na jina lake aliitwa nani?" Akanitajia. Nikalitoa daftari langu, nikaliandika kwa taa. Hapa sitalitaja, kwa sababu ni la ua wetu. Babu akaniomba nimwonyeshe. Yeye alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa kama hili lenu. Akaweka kidole chini ya jina, akalisoma herufi kwa herufi, kisha akalisoma tena kwa sauti ili shangazi asikie kule jikoni.

Baada ya vita ile watu wa kwetu waliendelea kwenda mbali. Wengi walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu aliandikwa kwa namba. Wengine walirudi, wengine walioa huko. Nasi pia tulipata zamu ya kuwa wenyeji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulifunguliwa karibu nasi mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, nao ukafungwa katika miaka ya 2010. Wageni walikuja kutoka kila mkoa, wakala kwa mama lishe wetu, wakatamani chakula cha kwao. Shangazi aliwauzia ugali miaka kadhaa. Anasema aliwajua waliokuwa na mama hai kwa jinsi walivyolalamikia mboga.

Asubuhi ya kuondoka, shangazi alinifungia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, mfuko mzima, ingawa nilimwambia mjini vipo vya kununua. Babu alinisindikiza mpaka njia panda. Akaniuliza nitarudi lini. Nikasema, "Mwakani, babu, nikipata ruhusa." Akanyamaza. Nikasema tena, "Mwezi wa kumi, babu. Kabla ya mvua." Basi likaja.

Ndugu wanafunzi, kwa wiki ijayo andikeni mistari mitano: jina la mtu mmoja wa nyumba yenu aliyesafiri mbali zamani, alikwenda wapi, na siku aliporudi alipikiwa nini. Kama hakurudi, andikeni jina lake.