Mchuzi wa Kihindi wa Mgahawani na wa Nyumbani Ni Vitu Viwili Tofauti, na Wapishi Wake Hawatajwi

Mwaka 1810 jamaa mmoja mzaliwa wa Patna, India, aliyewahi kutumikia jeshi la Kampuni ya India Mashariki ya Waingereza, alifungua mgahawa mtaa wa George, London. Ndio mgahawa wa kwanza unaojulikana Uingereza kumilikiwa na Mhindi. Ulikuwa na viti vya mianzi, hooka za kuvuta, wali na mchuzi wenye viungo vya ukweli. Mwaka 1812 jamaa akafilisika.

Tatizo halikuwa msosi. Wateja aliowalenga ni Waingereza wenye hela zao waliorudi kutoka India, na wengi wao walikuwa na wapishi wao majumbani. Ya nini kutoka na baridi lile usiku kwenda kulipia kitu ambacho kinachemka jikoni kwako? Jamaa akahamia Brighton, akafungua bafu za mvuke na kukanda watu viungo, na huko akawika mpaka wafalme wawili wa Uingereza wakawa wateja wake. Mjini shule.

Kwa hiyo ule ubishi wa "tupike nyumbani au twende tukale nje" wala sio wa leo. Na kwa mchuzi wa Kihindi, nyumbani ndio ilitangulia. Mwaka 1747, miaka 63 kabla ya mgahawa ule, kilitoka London kitabu cha mapishi chenye maelekezo ya kupika mchuzi kwa mtindo wa India: kuku, na viungo vyake ni pilipili manga na mbegu za giligilani tu. Toleo la kwanza halikuwa na jina la mwandishi, liliandikwa tu kwamba ni kazi ya bibi mmoja. Na wale mayaya na wapishi wa Kihindi waliovuka bahari na mabosi wao, ambao ndio hasa waliingiza harufu ile kwenye nyumba za Waingereza, wengi wao hata hiyo "bibi mmoja" hawakuipata.

Sasa, huu mchuzi wa mgahawani ambao Mwingereza wa leo anaujua ulitoka wapi?

Ulitoka melini. Kwenye meli za mvuke za Waingereza, watu wa kuchochea makaa kule chini kwenye joto walikuwa wengi ni vijana wa Sylhet, eneo ambalo leo liko Bangladesh. Mshahara wao ulikuwa mdogo kuliko wa baharia mzungu. Meli ikitia nanga London, baadhi yao walikuwa wanashuka na hawarudi. Wakaanza kuosha vyombo kwenye migahawa, wakapanda wakawa wasaidizi, mwisho wakashika mwiko. Na hapa kuna jambo ambalo watu hawaliwazi: wengi wa vijana hawa walikuwa hawajui kupika. Kule kwao jiko lilikuwa la mama na dada. Walijifunzia kazini, London, kwa kumwangalia mwenzao aliyejifunza juzi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakachanga vijisenti na kununua vibanda vya chai na vya samaki na chipsi, vingine vikiwa vimeharibiwa na mabomu na vinauzwa bei poa. Samaki na chipsi vikabaki kwenye menyu, ila pembeni wakaweka wali na mchuzi. Ujanja wao mkubwa ulikuwa kuchelewa kufunga. Baa zikifungwa saa tano usiku, walevi wana njaa na kila mahali giza, taa inawaka kwa Mhindi. (Mhindi kwa jina tu. Mpaka leo sehemu kubwa ya migahawa ya "Kihindi" Uingereza imekuwa mikononi mwa watu wa Bangladesh, lakini nani alikuwa anaijua Bangladesh kabla ya 1971?)

Mteja wa saa tano na nusu usiku hana subira. Anataka sahani mezani fasta, na rafiki zake watano kila mmoja kaagiza chake. Hapo ndipo ikazaliwa mbinu ambayo ndiyo siri ya biashara yote. Asubuhi vitunguu maji vinamenywa kwa magunia, vinachemshwa na kitunguu saumu, tangawizi, nyanya kidogo, manjano na mafuta ya kutosha, kisha vinasagwa mpaka vinakuwa uji laini. Hiyo ni rojo mama. Nyama na kuku vinapikwa pembeni vikaiva kabisa. Usiku oda ikiingia, mpishi anatia mafuta kwenye kikaango, anatupia unga wa viungo na nyanya ya kopo, anachota rojo mama, anatumbukiza nyama, moto mkali, dakika chache tu sahani inatoka. Ukitaka korma, anaongeza nazi, malai na sukari. Ukitaka madras, pilipili. Ukitaka vindaloo, pilipili mpaka jasho.

Sasa muulize mtu wa Chennai, ambao zamani uliitwa Madras, kama anakijua chakula kinachoitwa "madras". Atakushangaa. Na vindaloo ya asili ni ya Goa, ilitokana na Wareno, ni nyama iliyolazwa kwenye siki na kitunguu saumu, haikuwa mashindano ya nani anavumilia pilipili. Majina yale yaligeuzwa kuwa ngazi za ukali, kumrahisishia kazi mteja asiyejua kitu.

Wapishi wenyewe walikuwa hawali vile. Usiku wa manane, mteja wa mwisho akishaondoka, sufuria jingine kabisa lilikuwa linafunuliwa kule nyuma: samaki, dengu, mchuzi mwepesi wenye shatkora, lile limau la kwao Sylhet. Chakula hicho hakikuwa kwenye menyu. Na mchana mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu mzungu yuleyule aliyekuwa anasifia mchuzi Ijumaa usiku aliweza kuwa ndiye anayelalamika Jumatatu kwamba nyumba ya jirani inanuka viungo. Miaka ya 1970 familia nyingi za Wabangladeshi mashariki ya London zilivunjiwa vioo na kupigwa mitaani. Mgahawani harufu ile ilikuwa biashara. Nyumbani ilikuwa kesi.

Mwaka 1972 likaingia kundi jingine, na hili linatuhusu. Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na zaidi ya 27,000 wakaishia Uingereza. Halmashauri ya jiji la Leicester ilifika mahali pa kulipia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije. Walikuja. Wengi walikuwa Wagujarati, na tofauti yao na vijana wa Sylhet ni kwamba walihama na familia nzima, mama na bibi humohumo, kwa hiyo jiko la nyumbani lilihama nao. Leo kwenye migahawa ya watu hawa Leicester na Wembley unakuta kwenye menyu neno "mogo". Ni muhogo wetu huo, wa kukaanga na pilipili. Unakuta na "kuku paka" wa nazi. Mwingereza anaagiza akijua anaongea Kihindi, kumbe anaongea Kiswahili. Kuna familia moja iliyotoka Kenya mwaka 1956 ilianza kwa kupika sambusa na vitamu jikoni kwao London, ikaja kuuza viungo vilivyosagwa kwenye chupa nchi nzima, na mwaka 2007 biashara ikanunuliwa na kampuni kubwa ya vyakula.

Ukilinganisha na huku kwetu, njia ilikuwa tofauti kabisa. Chapati, sambusa, bajia, biriani na achari havikuingia Afrika Mashariki kupitia menyu ya mgahawa. Vilipita kwa majirani, kwenye harusi, kwenye sikukuu, kwa wasaidizi wa nyumbani waliosimama jiko moja na mama wa Kihindi. Ndio maana huku mtu hasemi "twende tukale chakula cha kimataifa" akimaanisha chapati.

Waingereza walianza kuupika wenyewe kwa wingi baada ya 1982, BBC ilipomleta mwigizaji mmoja aliyekulia Delhi kufundisha mapishi kwenye televisheni. Mwanamama huyu alikuwa hajui kupika alipofika London kusomea uigizaji. Alijifunza kwa barua, mama yake akimwandikia mapishi kutoka India. Watu wakafuata maelekezo yake, chakula kikatoka kizuri, halafu wengine wakalalamika: mbona hakifanani na cha mgahawani? Walichopika kilikuwa chakula cha nyumbani hasa, cha mama wa Delhi, na ulimi wao ulikuwa umeshazoea rojo mama. Mpaka mwaka 1989 kikatoka kitabu kilichofichua siri ya ile rojo, na watu wakaanza kusaga vitunguu majumbani kwao kutafuta ladha ambayo haijawahi kuwa ya nyumba yoyote.

Siku hizi watoto wa wale wenye migahawa wamesoma. Wengine madaktari, wengine wanasheria, na wazee wengi wanafunga kwa kukosa mrithi. Waliosimama jikoni miaka 40 hawataki mtoto wao arudi nyumbani saa nane usiku.

Na mwaka 2017, Soho, katikati ya London, ulifunguliwa mgahawa ambao jikoni kwake ni wanawake watupu. Hawakusomea upishi, na hakuna aliyepitia mgahawani kabla. Walikuwa wanapika kwao.