Reli, bandari na parsele za ng'ambo: yaliyowapata waliotutangulia ziwani



Katika mikutano miwili iliyopita swali moja limerudi, hata pale ambapo halikuwa kwenye ajenda: sanduku letu linunue parsele ng'ambo, Kigoma ao Uvinza, kabla reli mpya haijafika? Wenye kulileta si watu wa kuota ndoto. Wengi wao walikaa Lugufu mpaka ilipofungwa 2009, wengine Nyarugusu, na kule njia wanaijua kuliko sisi wa ofisini. Wanasema hivi: treni ya kisasa ya Tanzania ilianza kubeba watu toka Dar es Salaam mpaka Dodoma mwaka wa 2024. Mkataba wa kipande cha Tabora mpaka Kigoma ulitiwa sahihi Desemba 2022. Mwaka ule ule Tanzania na Burundi walikubaliana reli ya Uvinza kwenda Musongati, na wakubwa wanasema siku moja itavuka mpaka kwetu. Basi tununue mapema, bei ingali chini.

Hoja hiyo ina akili. Sisi tunaofanya kazi uwanjani tunaona kila siku namna barabara ikitengenezwa tu, kiwanja kilichokuwa kichaka kinaitwa parsele na kinapata bwana watatu. Lakini ziwa letu limekwisha kupitia jambo hili zaidi ya mara moja. Tumeona afadhali tuandike yaliyotokea, kila mtu asome nyumbani kwa utulivu, kabla ya kunyoosha mkono siku ya kura.

Tuanze na Ujiji. Kabla ya reli, mji mkubwa wa upande ule ulikuwa Ujiji, si Kigoma. Misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka pwani kupitia Tabora ikafika pale, ikapanda mitumbwi kuvuka mpaka Mtowa upande wetu, halafu ikashika njia ya Manyema. Mtu mwenye mali wa 1870 aliyetaka nyumba ziwani alitafuta nafasi Ujiji. Waarabu na Waswahili wa pwani walijenga pale nyumba zao, na miti ya maembe wakapanda. Kwa akili ya wakati ule hawakukosea.

Kisha mambo mawili yakatokea. La kwanza lilikuwa la ziwa lenyewe. Mpaka 1878 maji yalikuwa yanapanda. Mwaka ule yakavunja kizuizi mdomoni mwa mto Lukuga, pale Kalemie ya leo, yakaanza kutoka kwa nguvu kuelekea Kongo. Kwa miaka kama 15 hivi ziwa likashuka karibu mita 10. Ujiji, ambayo pwani yake ni ya kina kidogo, ikaona maji yanaikimbia. La pili ni reli. Wajerumani walianza kujenga toka Dar es Salaam 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na mwezi wa pili wa 1914 wakafika ziwani. Hawakwenda Ujiji. Walikwenda Kigoma, kilomita chache tu kaskazini, juu ghuba yake ina kina na imekingwa na upepo. Reli ya kilomita zaidi ya 1,200 ikapita kando ya mji uliokuwa mkubwa kuliko yote ya ziwa, ikaenda kulala mahali palipokuwa padogo.

Ukiangalia ramani ya dunia, Ujiji na Kigoma ni nukta moja. Ukiwa na nyumba, ni vitu viwili kabisa. Aliyesema 1900 kwamba "reli inakuja Ujiji" alikaribia sana kusema kweli, na bado mali yake ilibaki upande usiofaa. Upande wetu ilikuwa vivyo hivyo: 1915 Wabeleji wakaunganisha Kabalo na Albertville kwa reli, na Mtowa, iliyokuwa lango la misafara yote, ikabaki kijiji. Nani leo anauliza bei ya kiwanja Mtowa?

Sasa tufike kwenye hadithi ambayo njo sababu kubwa ya kuandika makala hii. Inahusu mununuzi mkubwa kuliko wote aliyewahi kutoka Kongo kutafuta nafasi kando ya reli ile: serikali ya Ubelgiji yenyewe.

Katika vita ya kwanza, 1916, askari wa Kongo chini ya wakubwa Wabeleji waliingia Kigoma mwezi wa saba, wakafika Tabora mwezi wa tisa. (Babu za baadhi yetu walibeba mizigo ya vita ile, na wengi hawakurudi.) Vita ilipokwisha, Wabeleji walikuwa wangali wamekalia Kigoma. Waingereza wakataka nchi yote ya Tanganyika. Wakapatana: Ubelgiji ibaki na Rwanda na Burundi, iache Kigoma. Lakini Wabeleji hawakuwa wajinga. Waliona kwamba mali ya Katanga na ya Kivu ingeweza kutoka kwa reli ile mpaka bahari, na wakataka nafasi yao wenyewe mwanzoni na mwishoni mwa njia. Tarehe 15 Machi 1921, kule London, mkataba ukatiwa sahihi. Ubelgiji ilipewa viwanja viwili vya bandari, kimoja Kigoma na kimoja Dar es Salaam, kwa kukodi milele. Kodi yake ilikuwa franka moja kwa mwaka. Mizigo ya Kongo ilipita bila kulipa ushuru wa Tanganyika. Viwanja hivyo vikaitwa Belbase.

Wandugu, fikirini. Franka moja kwa mwaka, milele, kando ya reli na maji, na karatasi imetiwa sahihi na serikali mbili za Ulaya. Kuna mwanamemba yeyote atakayepata karatasi nzuri kuliko hiyo?

Na bado haikuwa vile walivyotumaini. Kwanza, njia zingine zilijengwa. 1928 Wabeleji wenyewe wakamaliza reli ya Bukama mpaka Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui, ili shaba ishuke kwa mto Kasai mpaka Matadi bila kutoka nchini. 1931 ikaunganishwa ile ya Benguela, inayofika bahari upande wa Angola. Shaba ya Katanga ikavutwa upande wa magharibi. Kigoma haikufa, maana mizigo ya Kivu na ya Burundi iliendelea kupita, lakini ile hesabu ya 1921 ilikuwa imebadilika ndani ya miaka 10. Kiwanja kilikuwa pale pale. Kilichohama ni sababu ya kukihitaji.

Pili ikaja siasa. Mwishoni mwa 1961, siku chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Julius Nyerere aliambia bunge lake kwamba serikali mpya haitafungwa na mikataba hiyo. Neno lake, tukilisema kwa maneno yetu, lilikuwa rahisi: Mwingereza alikuwa mulinzi tu wa Tanganyika, kwa muda, chini ya Shirika la Mataifa na baadaye Umoja wa Mataifa. Mtu aliyepewa kitu kwa muda hawezi kumpa mwingine kitu kile kile milele. Ile "milele" ya London ikawa na umri wa miaka 40.

Wasomi wa sheria wangali wanajadili neno lile la Nyerere mpaka leo. Sisi linatugusa kwa njia ya kawaida zaidi. Ukinunua ng'ambo, swali la kwanza si bei wala umbali toka stesheni. Ni hili: huyu anayeniuzia, yeye mwenyewe ana haki gani, na ya muda gani?

Na hapo tuseme wazi juu tumesikia maneno mingi ya uongo. Kwa sheria ya ardhi ya Tanzania ya 1999, ardhi yote ni ya umma, rais ndiye mdhamini wake. Raia anapata haki ya kuikalia, mara nyingi kwa miaka 33, 66 ao 99. Asiye raia hapewi ardhi ile isipokuwa kwa uwekezaji, kwa kupitia ofisi ya serikali inayosimamia wawekezaji. Mkongomani anayetaka parsele ya kujenga nyumba ya kupangisha watu wanne si mwekezaji wa namna hiyo. Ndiyo maana kila mpango tulioonyeshwa mpaka sasa unapita kwa jina la mtu: shemeji, rafiki wa zamani wa kambini, mwenye duka. Pesa ni yako, jina ni lake. Siku reli ikipita juu ya kiwanja na serikali ikaleta fidia, fidia inamfuata mwenye jina. Siku shemeji akifa, watoto wake hawakujui. Hatusemi watu wa kule ni wabaya. Walitupokea miaka mingi, na sisi tunaoingia kule kwa kazi tunapewa chakula mpaka leo. Tunasema tu karatasi haina huruma. Hata kwetu ni hivyo: toka sheria ya 1973 udongo wa Kongo ni wa serikali, na mgeni hapati kamwe ile haki ya daima anayopata Mkongomani.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba karibu na reli si sawa na kwenye reli. Kando ya njia kuna eneo la hifadhi ambalo mtu hajengi. 2017, Kimara kule Dar es Salaam, nyumba za kando ya barabara ya Morogoro zilipigwa alama ya X nyekundu na kubomolewa ili barabara ipanuliwe, na nyingine zilikuwa nyumba za kweli, za matofali na bati, za watu walioishi pale miaka. Tena stesheni ya reli mpya si lazima iwe pale pa zamani. Morogoro walijenga nyingine, mbali na ile ya Wajerumani. Kwa hiyo anayekuonyesha kiwanja nyuma ya stesheni ya sasa ya Uvinza anakuuzia reli ya 1914, si ile inayokuja.

Wengine watasema: basi tungoje reli ifike upande wetu, tununue hapa hapa Uvira. Hata hapo kuna historia, na wazee wa bonde la Ruzizi wanaijua. 1931 ilifunguliwa reli toka bandari ya Kalundu mpaka Kamanyola, kilomita zaidi ya 90, waliyoiita CEFAKI. Ilikusudiwa kupanda mpaka Bukavu. Milima ikaishinda, mizigo ikaendelea kumaliza safari kwa magari, na 1958 ikafungwa. Vijana wengi tunaowauliza Sange ao Luvungi hawajui kama treni ilipita hapo. Miaka 27 tu. Mtu aliyejenga duka lake kwa ajili ya wasafiri wa treni aliona mwanzo na mwisho wake kabla hajazeeka.

Na ziwa lenyewe limerudi. Toka 2020 maji yamepanda tena, na mwaka wa 2024 yalipita pale ambapo watu walidhani ni nchi kavu: Kalundu, mitaa ya chini ya Uvira, Bujumbura upande wa pwani, Gatumba. Parsele ya karibu na bandari ilikuwa ya bei sana. Mwaka ule wengine waliingia nyumbani mwao kwa mtumbwi. Ujiji ilikimbiwa na maji, sisi yanatufuata.

Maoni yetu, kwa kuwa halmashauri ilituomba tuyaseme: sanduku la pamoja lisinunue parsele ng'ambo kwa jina la mtu yeyote, hata kama ni mtu mwema. Pesa ile ni ya matanga, ya hospitali na ya kuanzisha wale wanaorudi bila kitu. Lakini hatuoni ubaya wa kufuata reli kwa njia nyepesi. Reli ya zamani ya Tanzania ina upana wa milimita 1,000, mpya ina 1,435, yetu ya Kalemie ina 1,067. Behewa haliwezi kupita toka moja kwenda nyingine, na katikati kuna maji. Maana yake mzigo utashushwa na kupakiwa tena, leo na kesho, popote stesheni itakapokaa. Kazi iko pale: depo ya kukodi kwa mwezi, mtumbwi wa injini, mtu wetu wa kupokea mizigo. Depo ya kukodi ikigeuka kuwa mahali pabaya, unafunga mlango unahama. Wafanyabiashara wa Baraka wanaofanya hivyo Kigoma hawana kiwanja hata kimoja, na samaki wao na mafuta ya mawese yanavuka kila juma.

Mwanamemba anayetaka kununua kwa pesa yake mwenyewe, hatumkatazi. Tunamwomba tu apeleke karatasi kwenye ofisi ya ardhi ya wilaya ya kule, si kwa mwenyekiti wa kijiji peke yake, aulize jina la nani limeandikwa na kwa miaka mingapi.

Wale ambao wamekwisha kutoa avansi wajulikane. Tunajua hawapungui watano. Walete nakala ya mapatano ofisini kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi, hata kama imeandikwa kwenye daftari la shule. Tutaisoma pamoja, na ile inayohusu Uvinza tutaibeba wenyewe safari ijayo tukivuka kwa kazi, tukaulize.