Fukuto la Hedhi, si Ugonjwa

Kijitabu cha afya kilichonifikia majuzi kinaiita hali ya mwanamke kuelemewa na uchovu, hasira na huzuni siku chache kabla ya damu "ugonjwa wa kabla ya hedhi". Ukurasa wa pili, jopo la istilahi likiwa pengine limeshachoka, ugonjwa umegeuka "sindromu". Ni ugonjwa gani huu unaoaga wenyewe hedhi ikishaanza?

Sindromu ni Kigiriki: kukimbia pamoja, yaani dalili zinazoandamana. Madaktari Dalton na Greene walipolitumia jina hilo Uingereza mwaka 1953, waliona "mkazo" alioandika daktari Robert Frank mwaka 1931 hautoshi, maana matiti nayo huuma, tumbo hujaa, usingizi hukatikakatika. Sababu njema, lakini haitulazimishi kukopa. Tulipounda UKIMWI, neno hilohilo tuliliacha nje na hakuna aliyepotea.

Mtaalamu mmoja, ambaye heshima yanizuia kumtaja, anashabikia "hasira za mwezini". Mwezini ni siku za damu. Hali hii hutangulia, pale ambapo yai limeshatoka, projesteroni ikapanda, kisha ikashuka pamoja na estrojeni. Na anayelia badala ya kukasirika, tumwiteje?

Mimi nasema fukuto. Tuna fuka, kutoa moshi. Tuna jamaa yake fukuta, kuungua chini kwa chini pasipo ndimi za moto. Tuna fukuto lenyewe, joto la jasho linalowabana watu wa pwani mawingu yakijikusanya kabla ya masika. Magazeti nayo huandika "fukuto ndani ya chama" ugomvi ukiwa haujatoka nje. Neno moja limebeba mwili, moyo na kule kutangulia. Nililiwasilisha kwenye kikao cha jopo, wajumbe walicheka, na kwenye muhtasari halikuandikwa. Waliocheka, naomba ieleweke, hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia mwezini.

Matumizi ni mepesi: "Leo nina fukuto, tuzungumze kesho." Likizidi hata kuvuruga kazi au kuleta mawazo ya kujidhuru, hilo ni fukuto kali, ambalo madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza rasmi katika orodha ya maradhi mwaka 2013. Hapo neno ugonjwa lina mahali pake, na tiba ipo hospitalini.

Jopo likiipenda sindromu yake, libaki nayo. Wahariri wa vijitabu, nyinyi andikeni fukuto la hedhi.