Bweni Lililovunja Ukabila

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, mtoto wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika walikuwa hawasomi darasa moja. Mkoloni alimjengea kila mmoja shule yake. Hata Waafrika wenyewe walitengana, kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za misheni na kila misheni ilikuwa na eneo lake: Mhaya alisoma na Wahaya wenzake, Mchaga na Wachaga wenzake.

Kuanzia Januari 1962, sheria mpya ilifuta ubaguzi wa rangi shuleni. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Kisha Sheria ya Elimu ya 1969 ikaipa serikali mamlaka juu ya shule za misheni na za jumuiya za Kiasia zilizokuwa zikipewa ruzuku. St. Francis ikawa Pugu. Aga Khan ya Dar es Salaam ikawa Tambaza.

Lakini kazi kubwa ilifanyika bwenini. Aliyefaulu darasa la saba Bukoba aliweza kupangiwa sekondari Iringa au Tabora. Alifika na tranka lake la bati, akakuta kitanda cha juu kina Mgogo na cha jirani kina Mmakonde. Nyumbani alishaambiwa kabila hili wachawi, lile wezi. Sasa hao hao ndio aliopanga nao foleni ya uji, akalima nao shamba la shule, wakampeleka zahanati malaria ilipomkamata. Maneno ya nyumbani yalikosa ushahidi.

Gharama ilikuwepo. Makanisa yalinyang'anywa shule yalizojenga kwa jasho la waumini. Nafasi za sekondari zilipogawanywa kimikoa miaka ya 1970, watoto wenye alama nzuri kutoka mikoa iliyotangulia kielimu, kama Kilimanjaro, waliachwa.

Hata hivyo matunda yalionekana. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel alichapisha utafiti uliolinganisha Busia, Kenya, na Meatu, Tanzania. Busia, penye mchanganyiko mkubwa wa makabila, wazazi walichangia shule kidogo zaidi. Meatu, mchanganyiko haukupunguza michango. Miguel aliona chanzo cha tofauti hiyo ni sera za Tanzania za kujenga taifa, shule zikiwemo.

Mwaka huo huo ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ukafuatiwa na wimbi la shule za kata. Zimewafungulia maelfu ya watoto mlango wa sekondari, watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila mtoto wa shule ya kata husoma na majirani zake. Wengi hawakutani na Tanzania nzima hadi kidato cha tano, na wengine hawafiki huko.

Tumezoea kusema Watanzania hatuna ukabila, kana kwamba tulizaliwa hivyo. Hapana. Palitungwa sheria, pakatengwa bajeti, na wazazi wakakubali kuachia watoto wao waende mbali. Tukitaka wajukuu wetu warithi umoja huo, ziara, mashindano na mabadilishano ya wanafunzi baina ya mikoa yaingie kwenye bajeti ya elimu, kama madawati.